Uzi wa Mbavu Nne za Mwisho

Sekela mwanangu,

Kesho hutapanda ndege ya Mzee Nzunda. Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu najijua: nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe na neno lenyewe libaki tumboni. Ndege haitaruka, na aliyeizuia ni mimi, leo asubuhi, wewe na baba yako mlipokuwa njiani kwenda Hasamba kumuaga bibi. Nafasi yako katika chuo cha ufundi wa ndege ipo palepale. Utakwenda Dar es Salaam kwa basi. Lakini sababu ya basi hilo ni mama yako, na nataka uijue kutoka kwangu kabla hujaisikia sokoni.

Ninaandika nikiwa dukani hapa Mlowo, saa nane mchana, mlango nimeuegesha ili wateja wadhani nimetoka. Kwenye cherehani kuna gauni la kwaya ambalo upindo wake nimeushona mara tatu na kuufumua mara tatu. Utanisamehe mwandiko. Naogopa, Sekela. Nimeogopa miaka miwili, lakini woga wa leo ni mwingine, na tofauti yake nitakuambia nikifika huko.

Habari za kula, kulala na kuchagua marafiki sitaziandika. Baba yako amekuhubiria wiki nzima kuhusu vijana wa Dar es Salaam, utadhani yeye alizaliwa akiwa mzee wa kanisa. Siku moja nitakusimulia alivyokuwa akinifuata sokoni Isongole na baiskeli isiyo na breki. Leo nina jingine.

Unakumbuka ndege ile ilivyopita hapa mara ya kwanza? Ulikuwa kidato cha pili. Ilikuja juu ya lori kutoka Tunduma, mabawa yamefunguliwa na kufungwa pembeni kwa kamba, mwili umefunikwa turubai, mkia unachungulia nje. Watu wote wa barabara hii wakasema Mzee Nzunda amechanganyikiwa. Amerusha ndege za kunyunyizia nzige dawa mpaka akastaafu, amerudi nyumbani kulima kahawa kama wazee wenzake, halafu anakwenda Zambia kununua ndege ya mtumba ambayo mtu aliiunda mwenyewe nyumbani kwake. Mtumba wa mashati tunaujua, tunauvaa mpaka kanisani. Wa ndege ndiyo tulikuwa hatujauona. Wewe ulicheka kuliko wote, kisha ukabaki unaitazama mpaka lori likapotea. Mimi nilikuwa nimeshika mkasi, na nakumbuka niliutazama uso wako kuliko nilivyoitazama ndege.

Ndipo ulipoanza kwenda kule shambani kwa Mzee kila Jumamosi, na ndipo tulipomfahamu Injinia Silwimba, yule wa Tunduma anayechanganya Kiswahili na Kibemba kama mtu anayekoroga uji. Ulirudi nyumbani ukiwa na maneno yake mdomoni. Kwamba yule Mzambia aliyeiunda ndege alikuwa na haki ya kuikagua mwenyewe kwa sababu kila msumari aliuweka kwa mkono wake, lakini haki hiyo hainunuliwi pamoja na ndege. Aliyenunua ni mgeni kwenye chombo hicho hata akiwa rubani wa miaka arobaini. Kwa hiyo kila mwaka lazima injinia mwenye leseni aifungue, aikague, aandike kitabuni, ndipo mamlaka watoe tena kibali cha kuruka. Na mle ndani, mbele ya kiti cha abiria, kuna kibao kinachosema chombo hiki kimeundwa na mtu binafsi, anayepanda ajue hivyo. Ulikisoma kibao hicho kwa sauti wakati wa chakula kama mtu anayesoma Zaburi.

Na magurudumu, unayakumbuka? Mzee alitaka magurudumu makubwa zaidi kwa sababu uwanja wake wa nyasi una matuta. Fundi yeyote wa pikipiki hapa Mlowo angeyafunga mchana mmoja. Silwimba akakataa. Akachora, akaandika, akaazima mizani tatu za chama cha kahawa zilizopigwa muhuri wa vipimo, akaiweka ndege juu yake, kila gurudumu na mizani yake, na wanachama wakaja kutazama ndege ikipimwa kama gunia. Barua ikaenda kwa mamlaka. Miezi minne tukasubiri jibu. Mzee akawa anatembea akilalamika mpaka hapa dukani.

"Mama Sekela, ndege ni yangu, nyasi ni zangu, matuta ni yangu. Kwa nini niombe ruhusa ya gurudumu?"

Nikamcheka, nikamwambia hata suruali yake nikiongeza upana wa kiuno bila kumuuliza mkewe naweza kuitwa kwenye baraza. Nilikuwa mwepesi wa kucheka wakati huo. Mtu huyo alisubiri miezi minne kwa ajili ya gurudumu ambalo kila mtu analiona. Mimi nilibadilisha kitu ambacho hakuna anayekiona, kwa mchana mmoja, na sikumwomba ruhusa mtu yeyote.

Nikupeleke sasa kwenye ng'ombe. Ulikuwa umemaliza mtihani wa kidato cha nne. Ng'ombe wa jirani walivunja uzio wa Mzee wakalamba bawa la kulia mpaka kitambaa kikachanika. Sisi tulidhani ni masihara, lakini Silwimba alisema ni kawaida, ile rangi ya kukazia kitambaa ina ladha wanayoipenda. Bawa zima likavuliwa nguo likabaki mifupa ya mbao, mbavu kumi na nne. Akatafuta mtu wa kushona. Mzee akasema yupo fundi cherehani Mlowo ambaye viraka vyake havionekani.

Sikiliza hapo, maana ugonjwa wote ulianzia hapo. Mimi nilifundishwa kushona Isongole na mama mmoja mkali sana, na sheria yake ilikuwa moja: kiraka kizuri ni kile ambacho mwenye nguo mwenyewe hakipati. Nikishona kiraka alikuwa anaitupa nguo kwa mtu mwingine na kumwambia atafute. Kikipatikana, nakula fimbo ya vidole. Nilikua nikiamini kwamba kazi ya mikono yangu ni kuficha mahali palipochanika. Nimekulisha na kukusomesha kwa kuficha palipochanika. Na kulikuwa na sheria nyingine, hii ya mafundi wote, wewe unaijua tangu utotoni: kinachobaki ni cha fundi. Mteja akileta kitambaa cha gauni na kikabaki kipande, hakiulizi. Nguo zako zote za Krismasi zilitoka kwenye sheria hiyo.

Silwimba alinifundisha kwa siku nne. Kitambaa tunakivisha juu na chini ya bawa, tunakikaza kwa pasi. Nilipokuja na pasi yangu ya mkaa alicheka mpaka akakaa chini, akatoa ya umeme yenye kipimajoto. Kisha tunakifunga kitambaa kwenye kila ubavu, sindano ndefu inashuka, inapokelewa chini, inarudi juu, fundo, nafasi ya vidole vitatu, fundo. Aliniambia kwa nini. Upepo ukipita juu ya bawa unakinyonya kitambaa kwenda juu. Uzi ndio unaokishikilia. Uzi ukiachia, kitambaa kinavimba, na bawa linaacha kuwa bawa. Wewe ulilala chini ya bawa unapokea sindano, na mimi juu. Siku zile nilifurahi, sitakudanganya. Tulikuwa tunaongea kupitia kitambaa bila kuonana, na uliniambia kwamba unataka kuwa injinia. Uliniambia mimi kwanza, kabla ya baba yako.

Uzi wenyewe ulikuja kutoka ng'ambo, bapa, umepakwa nta, na karatasi yake ya cheti. Silwimba alikuwa ameagiza wa mbavu zote na akiba kidogo. Mimi nilipoushika tu, nikajua sijawahi kushika uzi wa namna hiyo. Haukatiki hata kwa meno. Nikafanya ninavyofanya siku zote. Jioni ya siku ya kwanza nikakata pima kama kumi nikaweka mfukoni kabla ya kazi kuanza vizuri, nikihesabu kwamba kitakachobaki ni changu, basi nakichukua mapema. Nikashona nao mkanda wa begi lako la shule, makubazi ya baba yako na ngozi ya ngoma ya kwaya. Sikuona kama ni wizi. Mpaka leo mkono wangu hauoni kama ni wizi, kichwa tu ndicho kinachoona.

Kisha ubavu wa saba ukaenda upande, nikaufumua na kuushona upya, uzi ukapotea mwingine. Tulipomaliza ubavu wa kumi, nikatazama kidonge cha uzi kilichobaki, nikajua hautoshi. Siku hiyo Silwimba alikuwa ameitwa Tunduma. Alikuwa ameniachia neno moja, akiniita mama kwa Kibemba chake: "Bamayo, msifunike mafundo kwa utepe mpaka nirudi nione." Wewe nilikutuma kwa Mama Nzunda ukasaidie kupika. Ulikwenda ukirukaruka.

Ningeweza kungoja na kumwambia uzi umepungua. Angeuliza umekwenda wapi. Ningesema nini, uko kwenye ngoma ya kwaya? Kichwani nilimwona Mzee akinitazama, na mafundi wote wa Mlowo wakinicheka. Hakuna aliyenisukuma. Nikalisimamisha bawa kwa ukingo wake ili niifikie sindano pande zote mbili nikiwa peke yangu, nikatoa kwenye mkoba wangu uzi wa nailoni wa kushonea viatu, nikaupaka nta ya nyuki mpaka ukapata rangi ileile, nikashona mbavu nne za mwisho. Mafundo yalikuwa mazuri kuliko yale ya mbavu kumi za kwanza. Mtu anayeficha anashona vizuri sana.

Silwimba alirudi jioni, akapitisha kidole kwenye kila fundo, akasema mkono wangu ungefaa kiwandani. Akaandika kitabuni aina ya uzi, idadi ya mbavu, jina langu. Nikatia sahihi. Uliporudi na sufuria ya wali ulinikumbatia, na mimi nilikuwa nanuka nta.

Ndivyo nilivyoanza kuogopa. Wewe ulidhani nimepata ugonjwa wa moyo, ukaniambia nipime presha. Ndege ilikuwa inapita juu ya Mlowo karibu kila Jumamosi, na nikiisikia nilikuwa naacha kukanyaga cherehani mpaka sauti ifike mbali na irudi. Wateja waliona, walikuwa wanasema mama huyu anapenda ndege kama mwanawe. Mzee aliponialika nikapande niione kazi yangu kutoka juu, nilisema naogopa mahali pa juu. Mimi niliyezaliwa Ileje, nikichunga mbuzi kwenye majabali.

Siku moja wakati wa masika ilikwenda upande wa Galula na haikurudi. Nikangoja. Saa kumi ikapita, saa kumi na moja ikapita. Nikaacha nguo ya watu mezani, nikapanda bodaboda mpaka kwa Mzee, njia nzima nikitafuta maneno ya kumwambia mjane. Nikamkuta Mama Nzunda uani anachambua maharage.

"Karibu mama. Mbona umelowa hivyo?"

"Mzee yuko wapi?"

"Si amelala Chitete leo, mawingu yamemzuia. Amepiga simu." Akanisogezea kigoda. "Jumamosi ijayo ananichukua na mimi, nikaone huko juu anafuata nini kila siku."

Nilikaa kwenye kigoda kile, nikachambua naye maharage. Hapo ndipo ningesema. Alikuwa ameniwekea neno mdomoni, na hakukuwa na mtu mwingine pale uani. Nikamwambia, "Safari njema, mama." Akapanda, Sekela. Alipanda Jumamosi ile na nyingine mbili. Nilijifariji kwamba uzi ule umeshika mwaka mzima, kwa nini usishike mwingine.

Jumatatu ulikuwepo Mzee alipoingia hapa dukani akasema mbele ya wateja kwamba mtoto aliyelala chini ya bawa hawezi kwenda chuo cha ndege kwa basi, kwamba atakupeleka mwenyewe mpaka Dodoma ukapande treni ya Dar es Salaam, kiti kipo. Watu wakapiga vigelegele. Wewe ulinitazama, ukasubiri nifurahi, nikafurahi. Na nikuambie jambo linaloniuma kuliko uzi wenyewe: mke wa mtu alipanda, nikanyamaza. Mwanangu alipotaka kupanda, ndipo nilipopata ulimi. Ningependa ukumbuke kwamba mama yako alisema ukweli. Lakini ukumbuke pia niliusema lini.

Leo asubuhi nilifika shambani saa moja. Silwimba alikuwa ameshafika kutoka Tunduma kwa ukaguzi wa safari, Mzee anafuta kioo kwa kitambaa. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yakakimbia yote.

"Mbavu nne za mwisho, bawa la kulia. Uzi si ule," nikasema. "Ni wa viatu."

Silwimba alidhani hajasikia vizuri. Nikarudia, nikaeleza na zile pima kumi. Alikwenda kwenye kisanduku chake, akarudi na kisu kidogo, akapiga magoti akapasua utepe kwenye ubavu wa kumi na moja. Nilisikia kitambaa kikichanika na nilikuwa kama napasuliwa mimi. Kumi na moja ulikuwa mzima. Kumi na mbili, mzima. Kwenye ubavu wa kumi na tatu aliingiza kidole chini ya uzi na uzi ukanyanyuka, umelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Wa mwisho, ule wa kwenye ncha ya bawa, ulikuwa na mafundo matatu yaliyokatika.

Nikamwuliza kama ingeanguka kesho. Nilitaka aniambie ndiyo au hapana, lolote, nilishike.

"Awe, hapana, bamayo," akasema. "Siwezi kukuambia ingeanguka. Siwezi kukuambia isingeanguka. Ndiyo maana tunaandika, mukwai. Kilichoandikwa naweza kukihesabia. Hiki hapa hakuna mtu angeweza kukihesabia, hata wewe."

Mzee Nzunda alikuwa amekaa kwenye nyasi, miguu ameinyoosha mbele. Nilitegemea atanifokea, na nilitamani anifokee. Alitazama lile bawa, kisha akasema, si kwangu, kwamba mkewe alikuwa anaimba wakipita juu ya Songwe, kwamba alikuwa hajamsikia akiimba tangu watoto wahame. Akainuka akaenda nyumbani kwake. Hakuniaga. Nadhani hataniaga tena.

Silwimba akafungua kitabu cha ndege kwenye goti lake. Akaandika kwamba kibali cha kuruka kimesimama mpaka bawa lishonwe upya na likaguliwe. Akaandika kwamba yeye ndiye aliyesimamia na hakuona, na kwamba atawaandikia mamlaka barua leo. Kisha akanipa kalamu. Nikaandika kwa mkono wangu nilichofanya, ubavu kwa ubavu. Nikaandika pia: mwanangu Sekela hakuwepo, nilimtuma jikoni. Nililiandika hilo kwa herufi kubwa. Nilikuwa nimekwenda pale nikidhani naogopa kufungwa. Inawezekana nikaitwa, amesema hajui watakavyoamua. Lakini kalamu ilipofika kwenye jina lako ndipo nilipojua woga wangu ulipo.

Sasa nakuambia tofauti ya woga. Wiki iliyopita ulishona koti la kanisani la baba yako, pale kwenye kiwiko. Ulinipa nitafute kiraka. Nilikitafuta dirishani kwenye mwanga na sikukipata, mimi, fundi wa miaka ishirini na tano. Nikakusifu, ukacheka, na woga mwingine ukaniingia. Una mkono wangu. Uso ni wa baba yako, ubishi ni wa bibi yako, lakini mkono ni wangu mtupu, na unakwenda nao mahali ambapo kila siku utakuwa na kitu kidogo kilichopungua, mtu wa kukagua amekwenda Tunduma, na hakuna anayeona. Sikukufundisha kuwa mwizi. Nilikufundisha kufanya vizuri kisichopaswa kuonekana. Hicho ndicho kinachonitisha, kwa sababu nilikifundisha kwa upendo na wewe ulikipokea kwa upendo.

Sina la kukuhubiria. Wahenga wanasema mficha uchi hazai. Nilikuwa nawatania wateja kwa methali hiyo wakiona haya kupimwa kiuno. Najua tu ilivyo ukiwa ndani. Kosa lenyewe lilichukua mchana mmoja. Kulilinda kulichukua kila Jumamosi ya miaka miwili, na kila Jumamosi lilikuwa gumu kidogo zaidi kulisema, kwa sababu sasa ilibidi niseme na Jumamosi zilizopita. Kama siku moja utashika kitu ambacho si chenyewe, na umeshakifunika, na umeshatia sahihi, kiseme siku hiyohiyo hata kama mikono yako bado inanuka nta. Siku hiyohiyo utaitwa mzembe. Baadaye utaitwa jina ambalo sijalipata bado, nalingoja.

Liko jambo moja la mwisho. Barua ya Silwimba uliyo nayo kwenye bahasha ya vyeti, ile ya kukupendekeza chuoni, inasema ulishiriki kushona bawa zima na kazi haikuwa na dosari. Leo ameandika nyingine. Inasema ulishiriki mbavu kumi, ambazo zimekaguliwa na ni nzima, na kwamba nne za mwisho zilishonwa na mama yako kwa uzi usioruhusiwa, wewe ukiwa hupo. Nimeiweka ndani ya hii. Alipoiandika alisema ya kwanza sasa ni uongo wenye sahihi yake, lakini hakuniambia niichane.

Ukitoa ya zamani, chuoni hakuna atakayejua. Ni nzuri, imepigwa muhuri, na jina la mama yako halimo. Ukitoa mpya, mtu wa kwanza kukupokea atasoma aibu yangu kabla hajakuuliza umesafirije, na sijui atakutazamaje. Nimeogopa zote mbili tangu saa tatu asubuhi. Mdomo wa kukuamuru sina, niliupoteza kule shambani. Chagua mwenyewe, na ukichagua, usinifikirie mimi.

Mtarudi kutoka Hasamba kabla jua halijazama, na baba yako amebeba kuku aliopewa na bibi, na wewe utaanza kuuliza saa ya kuondoka kesho kabla hujavua viatu. Sitakuacha usome haya ndani ya basi, mimi nikiwa mbali. Miaka miwili nimejificha inatosha. Nitakukalisha kwenye kiti cha wateja, nitakupa barua hii mkononi, na nitakaa mbele yako kwenye kigoda changu, bila kushona, bila kushika chochote.

Nipo hapa sasa. Inua macho unitazame.

Mama yako